Bia ya Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Hakuna mtu aliye hai anayeijua bia kama mimi. Nifunge macho kwa kitambaa, nidondoshee tone moja ulimini, nitakutajia kiwanda, mwezi ilipopikwa na nani alikuwa zamu siku hiyo. Miaka thelathini na mbili kiwandani si mchezo!

Haya, basi. Nimeandika hayo ili kalamu ipate moto. Ukweli ni kwamba miaka hiyo yote nilibeba kreti. Naijua bia kwa mgongo, si kwa ulimi. Na tangu niwekewe meno ya kununua, supu na chai nazitofautisha kwa kuangalia chombo. Mwenye kuijua bia ni Jicho.

Jicho ni rafiki yangu. Kiwandani alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita kwenye mkanda, yeye anatazama. Yenye ufa, yenye nzi, yenye kizibo kilichokaa upande, anainyofoa. Zilizo salama anaziacha ziende. Ananong'ona peke yake kama mtu anayesali: ipite, ipite, ipite, itoke. Alipostaafu hakuacha. Marehemu mkewe akimpa kikombe cha chai, anakiinua kwanza dirishani. Ipite. Mimi aliniita Kreti, na Kreti nimebaki. Wajukuu zangu wenyewe wanadhani ndilo jina nililopewa na mama.

Tangu tustaafu, kila siku saa kumi na moja jioni, saa ile king'ora cha kiwanda kilipokuwa kikilia, tunakaa barazani kwake na chupa moja moja. Moja tu! (Mimi wakati mwingine mbili.)

Sasa ametoka hospitali. Wiki tatu alilala. Ini. Daktari kamwambia mbele ya binti yake, kwa sauti ya hakimu: ukionja tena kilevi, usije kwangu, hakuna nitakalokufanyia.

Leo nimekwenda kumwona. Amelala ameuelekea ukuta. Nikamsalimu, akaujibu ukuta. Nikamwambia saa kumi na moja hiyo, inuka twende barazani. Akasema barazani akafanye nini, ahesabu mbuzi? Akasema mtu hawezi kukaa na Kreti mkavu mkavu, Kreti anavumilika kwa bia tu.

Nilicheka sana. Nilipofika kona ya pili nikagundua kicheko kimekwisha.

Binti yake ni fundi cherehani. Kahamishia mashine yake sebuleni ili amwangalie baba. Alinivuta nyuma ya mlango, futi ya kupimia shingoni, akaninong'oneza: Ba'mdogo, hali chakula. Vijiko vitatu, anasukuma sahani. Daktari kasema lazima atembee, yeye hata mlangoni hafiki. Ba'mdogo, miguu itasahau kazi.

Mwanangu, nikamwambia, niachie mimi. Sina hata wazo moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika kwa Jicho, nani kakalia kiti changu? Stempu!

Stempu alikuwa karani wa posta. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimbandika mahali habanduki. Kakaa kando ya kitanda, kwenye kiti changu cha kamba chenye shimo la makalio yangu mwenyewe, anamsomea mgonjwa faida za mboga za majani. Akanikaribisha! Yeye, anikaribishe mimi, nyumba hii! Nikakaa juu ya ndoo.

Kisha akafungua mfuko wake, akatoa chupa nyembamba yenye picha ya komamanga. Akasema ndugu, siku hizi kuna bia isiyo na kilevi, mkwe wangu anakunywa, hata waendeshaji baiskeli wanakunywa. Jicho akajigeuza taratibu. Mara ya kwanza kumwona uso tangu atoke wodini. Akaichukua, akaiinua kwenye mwanga. Ndani yake rangi ya waridi, kama maji yaliyooshewa kidonda.

Itoke, akasema.

Akaongeza kwamba maji ya wagonjwa hanywi. Awe ameleta Stempu, Kreti, au daktari mwenyewe akiwa amepiga magoti. Kama chupa haina bia, isivuke kizingiti chake. Akarudi ukutani.

Stempu akahuzunika. Mimi moyoni nilipiga vigelegele, Mungu anisamehe. Halafu wazo likanishukia pale pale juu ya ndoo, zito kama gunia: kama hataki isiyo bia, basi atapewa isiyo bia asiyojua kuwa si bia. Chupa yetu ile ile ya siku zote, lebo ile ile. Ndani, isiyo na kilevi.

Atagunduaje? Siku hizi anavaa miwani minene kama vitako vya glasi. Jicho limebaki jina tu.

Jumatano, 6 Machi

Duka kubwa la barabara ya soko. Nimesimama mbele ya rafu mpaka mlinzi akaanza kunikohoa.

Sikujua dunia imefika huku! Ya ndimu. Ya pichi. Ya tangawizi na asali. Moja ina jani la mnanaa limelala ndani kama mjusi. Mama mwenye duka akaja kunisaidia, akanisifia ya pichi, ati ndiyo inayotoka sana. Nikamwambia mama, mimi sitafuti matunda, matunda yako pale nje kwa muuza matunda. Nataka ya kawaida. Ya kizamani. Yenye rangi ya bia, povu la bia, uchungu wa bia, inayomfanya mtu afikirie bia, ila isiyo bia.

Akaniangalia. Akasema, mzee, hiyo ni kama kuniambia nikutafutie mke anayepika, anayefua, anayekununia, ila asiwe mke.

Nikasema ndiyo hiyo hiyo.

Akacheka mpaka akashika rafu. Kisha akainama chini kabisa, mahali pasipotazamwa, akaibua tatu zenye vumbi. Ya kopo la dhahabu. Ya chupa ya kijani. Ya chupa yenye picha ya suke la nafaka. Hizi, akasema, wananunua wazee na watu wenye huzuni.

Kopo nililipenda kwa uzito wake. Nilikuwa nimeshaliweka kikapuni, mama wa duka akavaa miwani akasoma maandishi ya nyuma. Sifuri nukta tano. Nikasema si ndiyo sifuri hiyo? Akasema sifuri ni ya mbele, ya nyuma ni tano, kilevi kimo, kidogo lakini kimo. Akaniuliza ni ya nani. Nikamweleza habari za ini. Akalirudisha lile kopo kwenye rafu, akageuza hizo mbili zingine moja moja. Sifuri nukta sifuri. Sifuri nukta sifuri.

Nimenunua zote mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Zoezi la kuonja. Mama watoto alikuwa kwa dada yake, jikoni kwangu mwenyewe.

Vikombe viwili mezani. Kijani, Suke. Nimeonja Kijani. Bia. Nimeonja Suke. Bia. Nimerudia. Nimesukutua. Nimetoa meno nikaonja kwa fizi. Nimefumba macho, nikabadilisha vikombe, nikasahau kipi ni kipi. Ulimi wangu ni kiatu!

Hapo ndipo nilipotamani kumwita Jicho aje aniamulie. Miaka yote hiyo nikikwama nilimwita yeye. Nilipotaka kununua redio, yeye ndiye aliyeitikisa sikioni. Nilipotaka kuoa, yeye ndiye aliyetangulizwa kwenda kumwangalia binti. Akarudi akaniambia neno moja: ipite. Na sasa neno ninalotaka kumuuliza ndilo pekee nisiloweza kumuuliza.

Mwishowe nimeamua kwa mbweu. Ndiyo. Bia yetu ukishainywa, baada ya muda mbweu hupanda, hutokea puani, na machozi huja kwa mbali. Hilo kila mbeba kreti analijua. Nimekunywa Kijani kikombe kizima, nikasubiri mlangoni. Mbweu ikaja ya kitoto, tamu, kama ya soda. Nikanywa Suke. Nikasubiri. Ikaja! Ikapanda, ikapita puani, ikanitoa machozi.

Suke imepita.

Mama watoto akarudi akanikuta nimesimama mlangoni nalia. Akauliza nani kafa. Nikasema hakuna, ndiyo maana.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kufunga chupa. Niandike kwa ufupi, mkono unaniuma.

Chupa tupu za bia yetu nimezipata baa ya kona. Vizibo nimeokota chini ya meza zao, vimepinda, nikavinyoosha kwa nyundo juu ya mgongo wa kijiko. Chuma cha kufungia vizibo ninacho. Kilitoka kiwandani siku ya kustaafu kwangu. Kilinifuata chenyewe, ndani ya mguu wa suruali.

Hakuna aliyeniambia kwamba bia ukiihamisha chupa inakasirika. Nimemimina kwenye faneli, povu likapanda kama maziwa, likashuka mezani, likaingia kwenye unga, likamfikia paka. Nimemimina polepole, likapanda polepole. Mama watoto alisimama akatazama, mikono kiunoni, akasema amenivumilia nilipofuga njiwa chumbani, amenivumilia nilipochimba kisima ndani ya ua nikakuta bomba la jirani, lakini unga wake! Nikamweleza ni kwa ajili ya nani. Akachukua kitambaa, akafuta meza, akafuta na paka.

Zimepatikana chupa saba. Zote zimepungua kidole kimoja hivi. Vizibo vimekaa kama kofia za walevi. Lakini kwa mbali, kwa jicho la kirafiki, ni bia.

Kwenye kreti hiyo hiyo nimetia mbili za kweli kwa ajili yangu. Ini langu halina kesi! Nimezitia alama ya chaki kwenye kitako. Kreti iko uvunguni. Mimi si mjinga.

Jumamosi, 9 Machi

Siku kuu! Niandike yote.

Nimefika saa kumi na moja kasoro, chupa mbili ndani ya koti. Nikaufunga mlango wa chumba. Nikamwambia Jicho, binti yako asisikie, nimekuletea dawa. Nikatoa. Akaitazama lebo. Akaniuliza kama nataka kumwua. Nikamwambia moja tu, ya barazani, kama watu, na sharti ale kwanza.

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akaitisha sahani! Alikula yote. Alishuka kitandani akishika ukuta, akashika mlango, akashika bega langu, akafika barazani. Hatua kumi na nne, nimezihesabu mimi.

Sasa kasheshe: kufungua. Suke ilikuwa imekufa gesi yote jikoni kwangu. Kizibo kikafunguka kimya kama kaburi. Nikaona tumeumbuka. Basi nikatoa sauti mwenyewe kwa mdomo. Pssss! Meno ya juu yakateleza kidogo, nikayarudisha kwa ulimi.

Jicho akaiinua chupa kwenye jua la jioni. Akaigeuza. Akavua miwani, akavaa miwani. Akaangalia pale bia ilipoishia, akapitisha kidole kwenye mdomo wa chupa. Moyo wangu ulikuwa unabeba kreti kumi na mbili.

Ipite, akasema. Akanywa.

Nikamuuliza vipi. Akasema ndiyo yenyewe. Akasema siku hizi wanaipika kwa upole zaidi.

Nimeshinda! Shule niliishia darasa la nne na nimeshinda!

Doa dogo tu. Nilisahau kumwambia binti. Stempu, aliyekuwa anapita na fimbo yake, akaona chupa, akaenda kumshtakia hadi sebuleni. Binti akatoka mbio, sindano mdomoni, akanyakua chupa mkononi mwa baba yake. Akaniita jina ambalo sikujua wanangu wanalijua. Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza. Akainusa. Akaonja. Akanitazama mimi, akatazama kizibo, akamtazama baba yake aliyekaa barazani kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, anawasalimu wapita njia. Akamrudishia chupa. Akasema samahani baba, nilidhani ina mdudu. Akaingia ndani, na cherehani haikulia kwa muda.

Jumatatu, 11 Machi

Jicho amefika langoni na kurudi. Mwenyewe! Jana alifika nusu.

Stempu ametangaza mtaa mzima kwamba namwua rafiki yangu kwa mkono wangu. Wanawake kisimani wameninyima salamu. Nimekaa kimya kama mtakatifu. Ni vigumu mno kutenda wema bila kuusema. Sijazoea.

Leo kumetokea kitu cha kuudhi. Nimempelekea chupa, akaiinua kama kawaida, akaitazama, mara akasema: itoke. Akaiweka chini ya kiti. Nikamuuliza ina nini. Akasema nzi. Nikasema haiwezekani, nimezi... nikajikamata, nikasema kiwanda hakiwezi kuruhusu nzi. Akasema viwanda vya siku hizi havina nidhamu, leta nyingine. Nilirudi nyumbani mbio kuchukua nyingine. Nzi! Chupa nilizozisugua kwa mchanga na majivu! Nimekasirika mpaka nimekula mara mbili.

Jumatano, 13 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Leo Jicho amelewa.

Chupa moja, ameifikisha nusu, akaanza kuimba wimbo wa zamu ya asubuhi, ule wenye matusi kuhusu msimamizi. Akamwita Stempu aliyekuwa anapita, akamwambia kwamba anampenda, ila ampende kwa mbali. Akanishika shingo. Ulimi umekuwa mzito. Akasema Kreti, unajua wodini nilikosa nini? Nikasema bia. Akasema bia, bia! Pale ikifika saa kumi na moja palikuwa kimya, Kreti. Madaktari wote wanasema kweli. Manesi wanasema kweli. Hakuna hata mtu mmoja wa kunidanganya. Nikawa najiuliza, Kreti anamdanganya nani sasa hivi?

Akanilalia begani. Nikakaa hivyo hivyo, sijui niweke wapi mikono.

Halafu nikaiangalia chupa. Mtu hawezi kulewa Suke! Kama amelewa, basi amekunywa ya kweli. Na ya kweli imetoka wapi?

Nimemwacha kitini, nimekwenda nyumbani kwa miguu ambayo si ya umri wangu. Nimevuta kreti uvunguni. Hakuna alama ya chaki! Nikamuuliza mama watoto. Akasema amepiga deki uvunguni Jumapili, akazitoa, akazifuta moja moja, zilikuwa zinanuka. Ya kweli moja niliinywa mwenyewe Jumamosi, hiyo naikumbuka. Ya pili iko wapi? Zimebaki chupa mbili. Nimefungua zote. Nimeonja. Bia. Bia! Kiatu hiki mdomoni! Nimekunywa yote nikasubiri mbweu, mbweu zote zimekuja sawa, kwa sababu nilikuwa nalia kabla hazijapanda.

Nimempa rafiki yangu sumu kwa mkono wangu. Stempu alisema kweli. Stempu!

Naenda kwa binti. Naandika ili, nikifukuzwa, ijulikane nilikwenda.

Alhamisi, 14 Machi

Jana sikuweza kumaliza. Niendelee.

Nilimkuta binti anapinda pazia, baba yake amekwishalala. Nikasema yote kwa pumzi moja: kreti, chaki, deki. Nikamwambia tumwite daktari, nikamwambia mimi ndiye, niite lile jina tena. Nilipiga magoti mbele ya mwanangu yule, mtoto niliyembeba kwenye kreti tupu alipokuwa na meno mawili. Akazima cherehani. Akasema Ba'mdogo, inuka, kaa chini. Akafungua sanduku la nyuzi. Chini ya vishikizo akatoa chupa, imejaa, kizibo hakijaguswa.

Hii ndiyo unaitafuta, akasema. Ile ya nzi.

Baba yake alimpa Jumatatu, nilipokimbilia nyumbani kuchukua nyingine. Alimwambia mpelekee Kreti siku yoyote, hii ni ya kweli. Binti akamuuliza amejuaje bila kuifungua. Akasema: hii imefungwa vizuri mno.

Nikakaa.

Ba'mdogo, akasema, baba alijua tangu chupa ya kwanza. Imepungua kidole, kizibo kimepigwa nyundo, na mtu aliyekaa miaka thelathini mbele ya taa ile unamfungulia chupa na kusema psss kwa mdomo? Alipoingia ndani usiku ule, alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa hajacheka tangu hospitali.

Nikauliza na ule ulevi wa leo? Binti akang'ata uzi, akaukata. Akasema baba alisema hivi: yule mzee kachafua jiko la mkewe, kagombana na mtaa, kanyoosha vizibo kama anayejenga meli. Nisipolewa hata kidogo atadhani kazi yake imeharibika.

Nilitazama mapazia. Mazuri sana. Akanipa kipande cha kitambaa cha bitana nipangusie uso, akaendelea kushona bila kunitazama, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Akanipa na ile chupa niirudishe nyumbani, nisiiache tena karibu na zile zingine. Nimeapa. Haikufika nyumbani, lakini haiko karibu na zile zingine.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeamka nimeazimia: kuanzia leo kweli tupu. Nitakaa mbele ya Jicho, nitasema ndugu yangu, ni Suke, nilikudanganya, na najua ulijua.

Nimefika saa kumi na moja. Amekwishaoga, amevaa shati la kola, amenyolewa. Kiti changu cha kamba kimewekwa mahali pake na Stempu amepewa ndoo. Nikafungua mdomo niseme kweli. Jicho akanikazia macho nyuma ya vile vitako vya glasi, akasema Kreti, mbona unachelewa, nina kiu ya bia mimi. Na alivyosema bia! Kama mtoto anayekuomba urudie hadithi anayoijua.

Nikafungua chupa. Pssss.

Nimeisema vizuri kuliko siku zote. Nilijizoeza njiani.

Jumamosi, 16 Machi

Leo Jicho ametembea mpaka kwa muuza vitunguu na kurudi, amenunua vibaya, binti kagomba, nyumba imejaa makelele. Daktari amempima, amesema ini limetulia, aendelee na hicho anachokifanya. Binti amenikonyeza. Stempu bado ananiombea nitubu, na sitamwambia kitu mpaka mmoja wetu azikwe.

Sasa, jambo kubwa. Binti ameponyokwa na neno: baba yake ananung'unika chinichini kwamba hii ninayompelekea ni tamu mno, ina ladha ya mkate uliolowa. Anavumilia kwa ajili yangu. Avumilie! Mgonjwa avumilie, mimi nipo! Mtu mwingine angemuuliza tu anataka ipi. Upuuzi. Nimekwishanunua Kijani kreti nzima, na nyingine nyeusi aliyoniibulia mama wa duka, sifuri nukta sifuri zote, nimesomewa mara mbili. Nitachagua iliyo chungu, niihamishie kwenye chupa za bia yetu, nimwambie kiwanda kimerudia mapishi ya zamani. Hatajua kitu. Safari hii nitajaza mpaka juu na vizibo nitavipiga kwa nyundo ndogo.

Tatizo ni ulimi. Na mbweu nazo zimenisaliti.

Basi neno hili si la daftari, ni lako, mama watoto. Najua daftari hili unalisoma. Ukurasa wa Ijumaa ile ya kufunga chupa una alama ya kidole chenye unga, na mimi unga sigusi tangu ulipopiga marufuku. Sikasiriki. Ila unakumbuka siku ya ugeni wa dada zako, wali ulipoungua, nikasimama mbele ya watu nikasema mimi ndiye niliyesahau moto? Sijawahi kukudai. Leo nadai. Nimeacha vikombe viwili dirishani jikoni, nimevifunika. Onja hiki, onja hicho, kwa ulimi wako wa kuzaliwa nao, kisha weka kijiko juu ya kilicho chungu. Usiniambie kitu, usimwambie Jicho, na usimwambie binti kwamba nimekuomba. Kijiko tu.